Tusingoje Bei Itufundishe Thamani ya Kumbukumbu

Tarehe 3 Desemba, 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuwa itaacha biashara ya kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu za kompyuta zenye jina la Crucial, biashara iliyokuwa imedumu miaka 29. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: vituo vya data vya akili mnemba vinataka chipu nyingi mno za kumbukumbu, na kampuni imeamua kuwahudumia kwanza wateja wakubwa. Bidhaa za Crucial zingeendelea kupelekwa madukani hadi mwisho wa Februari, 2026, kisha basi.

Hatudhani kuwa habari hiyo ilisomwa na wengi hapa Visiwani. Haikuwa na vita ndani yake, wala mpira, wala uchaguzi. Walakini sisi twaona kuwa ilistahili kusomwa kwa makini katika kila ofisi ya Serikali inayonunua kompyuta, katika kila skuli yenye chumba cha kompyuta, na katika kila nyumba inayoweka akiba ili mtoto aendaye chuo apate simu ya kusomea. Mfanyabiashara haliachi duka alilolijenga kwa miaka 29 ila ameona pahala pengine penye faida kubwa zaidi. Pahala hapo ni chipu za kumbukumbu zinazopangwa moja juu ya nyengine, mfano wa ghorofa, kwa ajili ya mashine za akili mnemba. Wataalamu huziita kwa herufi tatu: HBM. Leo tumekusudia kuzieleza chipu hizo, kueleza ni nani anayezishika, na kueleza kwa nini mwananchi wa Unguja na Pemba ambaye hatazigusa maishani mwake ataulipa ughali wake.

Tuanze na asili ya jambo. Kompyuta ina kazi mbili kubwa: kuhesabu na kukumbuka. Kichakataji ndicho kinachohesabu, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoyashika yale yanayohesabiwa. Kumbukumbu tunayoitumia leo katika kompyuta na simu ilibuniwa na mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966, na hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Ubunifu wake ulikuwa mwepesi wa ajabu. Kila biti moja ya habari huwekwa katika chombo kidogo kinachoshika chaji ya umeme, kikilindwa na swichi moja tu. Chombo hicho huvuja kama ndoo mbovu, na kwa sababu hiyo mashine hulazimika kukijaza upya kila baada ya milisekunde chache. Kipimo cha kawaida ni milisekunde 64. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilitoa sokoni chipu ya namna hiyo yenye biti 1,024 tu. Tangu siku hiyo biti zimeongezeka hadi kufikia mabilioni katika chipu moja, lakini ndoo ni ile ile na inavuja vile vile.

Kwa miaka mingi sifa zote amepewa mwenye kuhesabu, na mwenye kukumbuka akachukuliwa kuwa ni mtumishi tu. Vichakataji vilikwenda mbio mwaka hadi mwaka, ilhali kumbukumbu ilijikokota nyuma. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, William Wulf na Sally McKee, waliandika kuonya kuwa iko siku kompyuta itaugonga ukuta: kichakataji kitakuwa na kasi ya ajabu, lakini kitakaa bure kikingojea kuletewa cha kuhesabu. Waliuita ukuta wa kumbukumbu.

Aliyepitia chuo cha Kurani anaelewa jambo hili bila ya kusoma uhandisi. Mwanafunzi aliyehifadhi humjibu mwalimu papo hapo. Mwenziwe asiyehifadhi, hata awe hodari wa kusoma kuliko yeye, hana budi kuinuka, kwenda rafuni, kufungua msahafu, kuitafuta sura na kuitafuta aya, ndipo arudi na jibu. Uhodari wake wa kusoma haumfai kitu muda wote anapokuwa njiani. Kichakataji cha leo ni yule hodari wa kusoma, na rafu yake iko mbali.

Akili mnemba ndiyo iliyoufanya ukuta huo uonekane na kila mtu. Programu zinazojibu maswali kwa maandishi zimejengwa kwa mabilioni ya namba. Tuchukue programu yenye namba bilioni 70, kila namba ikichukua baiti 2. Jumla yake ni gigabaiti 140. Ili kumtolea mtu mmoja kipande kimoja cha neno, mashine hulazimika kuzipitia takriban namba zote hizo, kisha ianze tena kwa kipande kinachofuata. Kompyuta nzuri ya mezani yenye kumbukumbu ya kawaida hupitisha kiasi cha gigabaiti 90 kwa sekunde. Hata kama ingekuwa na nafasi ya kuziweka namba zote, ingehitaji zaidi ya sekunde moja na nusu kwa kila kipande cha neno. Chipu ya H200 ya kampuni ya NVIDIA hupitisha terabaiti 4.8 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo hiyo yaweza kuzipitia namba zote mara 34 katika sekunde moja.

Chipu hiyo ya H200 ni shahidi mwema wa maneno yetu. Ilitangazwa Novemba, 2023, na uwezo wake wa kuhesabu ni ule ule wa ndugu yake H100 aliyetangulia mwaka 2022. Kilichobadilika ni kumbukumbu tu: kutoka gigabaiti 80 hadi 141, na kasi ya kupitisha habari kutoka terabaiti 3.35 hadi 4.8 kwa sekunde. Kwa mabadiliko hayo peke yake kampuni ilitangaza kuwa baadhi ya programu kubwa zinajibu kwa kasi inayokaribia maradufu. Mtumishi aliyedharauliwa amekuwa ndiye mwenye ufunguo wa nyumba.

Sasa, kasi hiyo imepatikanaje? Katika kompyuta ya kawaida chipu za kumbukumbu hutandazwa juu ya ubao, kila moja mbali kidogo na kichakataji, na habari husafiri kwa njia nyembamba. Katika HBM, chipu hukwanguliwa mpaka zikawa nyembamba kuliko unywele, kisha hupangwa 8 au 12 moja juu ya nyengine, na wenye viwanda wanakwenda kwenye 16. Jengo zima, pamoja na ghorofa zake zote, halifiki kimo cha milimita moja. Katika kila chipu hutobolewa maelfu ya matundu madogo sana, yakajazwa shaba, ili umeme upande na kushuka ndani ya jengo kama watu wapandavyo ngazi. Kisha jengo huwekwa ubavuni mwa kichakataji, juu ya kipande kimoja cha silikoni kinachowaunganisha. Badala ya njia nyembamba ya masafa, panakuwa na njia za hatua chache zilizopangwa 1,024 sambamba. Kiwango kipya cha HBM4 kilichotolewa na shirika la viwango la JEDEC mnamo Aprili, 2025, kimeziongeza njia hizo hadi 2,048, na jengo moja linaruhusiwa kupitisha hadi terabaiti 2 kwa sekunde.

Wakaazi wa mji wetu wanajua maana ya kujenga kwenda juu pale ardhi inapokuwa finyu. Wanajua pia kuwa ghorofa ya chini ikiwa na ufa, ya juu haina salama. Katika chipu hizi ndivyo ilivyo. Tuseme kila ghorofa ina nafasi 99 katika 100 ya kutoka salama kiwandani. Jengo la ghorofa 12 litakuwa na nafasi isiyozidi 89 katika 100, na la ghorofa 16 nafasi 85. Ghorofa moja ikiharibika, aghalabu na zile nzima hupotea pamoja nayo. Hii ndiyo sababu fedha peke yake haitoshi kuingia katika kazi hii. Samsung, kampuni kubwa kuliko zote katika ufundi wa kumbukumbu kwa miongo mitatu, ilichelewa katika HBM, na Oktoba, 2024, mkuu wa idara yake ya chipu aliomba radhi hadharani kwa matokeo yaliyokuwa chini ya matarajio. Robo ya kwanza ya mwaka 2025 ikapitwa na jirani yake, SK hynix, katika mapato ya kumbukumbu za aina hii ya Dennard, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Wanaoweza kutengeneza HBM na kuiuza kwa wingi duniani ni kampuni tatu tu: SK hynix na Samsung za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Kazi ya kuliunganisha jengo la kumbukumbu na kichakataji, kwa sehemu kubwa, hufanywa na kampuni moja ya kisiwani Taiwan, TSMC. Zamani wenye viwanda vya kumbukumbu walikuwa wengi. Katika miaka ya 1980 Wajapani ndio waliotamba. Lakini bei za bidhaa hii hupanda na kushuka kama maji ya bamvua na maji mafu, na wasio na pumzi huzama. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika Januari, 2009. Elpida, ya mwisho miongoni mwa kampuni kubwa za Japani katika kazi hii, iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai Februari, 2012, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Micron.

Hapa pana funzo ambalo hatupendi lipite bila kutajwa. Korea ya Kusini haikuzaliwa na ufundi huu. Februari, 1983, Lee Byung-chul, mwasisi wa Samsung, alitangaza kuwa kampuni yake itaingia katika chipu za kumbukumbu. Wengi waliona ni ndoto, lakini kabla ya mwaka kumalizika kampuni ilikuwa imekwisha kutengeneza chipu ya kilobiti 64, kwa ufundi iliouomba kutoka Micron hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 1983 ndipo ilipoanzishwa Hyundai Electronics, ambayo leo ndiyo SK hynix. Historia ya kampuni hii ni historia ya shida. Ilichukua kampuni ya LG Semicon mwaka 1999 pamoja na mzigo wa madeni, ikabadili jina kuwa Hynix mwaka 2001, ikaangukia mikononi mwa wadai wake. Mwaka 2002 wadai walikaribia kuiuza kwa Micron, na bodi ya Hynix ikakataa mapatano hayo. Ilikaa katika hali ya kusuasua mpaka mwaka 2012, kundi la SK lilipoinunua.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, 2013, SK hynix ilitoa chipu ya kwanza ya HBM, iliyobuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya AMD ya Marekani. Ilipoanza kuuzwa ndani ya kadi za picha za AMD mwaka 2015, ilikuwa ni gigabaiti 4 tu, na wateja wake walikuwa wachache. Haikuwa biashara ya kutajirisha mtu. Kampuni iliendelea nayo hata hivyo. Ilipofika mwisho wa mwaka 2022, dunia ikashikwa na homa ya akili mnemba, SK hynix ilikuwa imekwisha kuifanya kazi hiyo takriban miaka kumi. Tena hata wakati huo haikupona mara moja: mwaka 2023 ilipata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.73. Mwaka 2024 ikapata faida ya won trilioni 23.47. Mwezi wa Mei mwaka huo mkuu wake alikuwa amekwisha kusema kuwa HBM yote ya mwaka 2024 imeuzwa, na ya mwaka 2025 karibu yote imeuzwa pia kabla ya kutengenezwa.

Tunausifu uvumilivu, lakini hatutaki kuwasifu wenye viwanda kupita kiasi. Bidhaa ikishikwa na mikono michache, mnunuzi ana haki ya kuwa macho, na katika biashara hii macho hayo yana sababu. Kati ya mwaka 1999 na 2002 kampuni kadhaa za kumbukumbu zilikula njama ya kupanga bei. Mbele ya sheria za Marekani, Infineon ya Ujerumani ilikiri mwaka 2004 na kutozwa dola milioni 160. Mwaka 2005 Hynix ilikiri na kutozwa dola milioni 185, na Samsung dola milioni 300. Micron ilisamehewa kwa kuwa ilishirikiana na wachunguzi. Hatusemi kuwa hayo yanafanyika leo. Ughali wa sasa una sababu zake zinazoonekana. Tunachosema ni kuwa majina hayo hayo ndiyo yaliyobaki sokoni, na yaliyotokea mara moja hayahitaji kufikiriwa kuwa ni muhali.

Sasa tuje kwenye swali la mwananchi: mimi na simu yangu tunahusikaje na majengo hayo ya Korea?

Jawabu ni kuwa vyote hukatwa kutoka sahani zile zile za silikoni, katika viwanda vile vile. Micron yenyewe ilieleza mwaka 2024 kuwa HBM ya kizazi cha sasa hula silikoni kiasi cha mara tatu ya kumbukumbu ya kawaida kwa idadi ile ile ya biti. Kila gigabaiti moja inayokwenda kwenye mashine ya akili mnemba huwa imechukua nafasi ya gigabaiti tatu ambazo zingekwenda kwenye kompyuta za skuli, simu za wakulima na mashine za hospitali. Kiwanda kipya hakijengwi kwa mwezi mmoja, huchukua miaka. Oktoba, 2025, kampuni ya OpenAI ilitia saini hati za makusudio na Samsung na SK hynix mjini Seoul, ikitaja mahitaji yanayoweza kufikia sahani 900,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka huo bei za kumbukumbu za kawaida zilikuwa zimepanda vikali, na baadhi ya watengenezaji wa simu walikuwa wameonya kuwa gharama hiyo itawafikia wanunuzi. Tembo wamekutana kisimani, na kilichopungua ni maji ya mbuzi.

Mataifa makubwa nayo yameifanya bidhaa hii kuwa silaha. Tarehe 2 Desemba, 2024, Serikali ya Marekani iliweka vizuizi vya kuipelekea China HBM, na China imeongeza juhudi za kujitengenezea yake. Nchi ndogo haiulizwi katika magomvi ya namna hiyo. Huletewa hesabu tu.

Katika mazungumzo yetu na ndugu mbalimbali tumesikia kauli mbili, na zote mbili twaziona zina kasoro. Wa kwanza wanasema: haya si yetu, tuwaachie wenyewe. Kauli hii ingefaa iwapo tungekuwa hatununui. Lakini twanunua, tena kwa fedha za umma, na anayenunua bila ya kujua anachonunua hugeuka mali ya muuzaji. Wa pili wanasema: nasi tununue mashine kubwa za akili mnemba, tusiachwe nyuma. Hawa tunawauliza: mashine hizo zitafanya kazi gani ambayo mashine ndogo haiwezi? Programu yenye namba bilioni 8, namba zake zikipunguzwa hadi nusu baiti kila moja, inaingia katika gigabaiti 4. Kompyuta ya kawaida yenye gigabaiti 16 inaibeba bila ya taabu, na kwa kazi nyingi za ofisi, kama kufupisha barua au kupanga majalada, yafaa ijaribiwe kwanza. Kununua mashine ya fahari katika mwaka wa bei ya juu, kisha ikakaa chini ya kitambaa ikingojea siku ya wageni, ni israfu, na israfu ya mali ya umma ni khiyana.

Tumeyaona kwa macho mambo ya namna hiyo. Siku zilizopita tulifika katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tukaonyeshwa ghala yenye kompyuta 11 zilizotolewa kazini. Tulipouliza zina ugonjwa gani, tuliambiwa ni nzito, haziendi. Kijana fundi tuliyefuatana naye alizifungua tatu. Hazikuwa na ugonjwa ila uchache wa kumbukumbu: kila moja ilikuwa na gigabaiti 2 tu, na kumbukumbu ikijaa, kompyuta huanza kuyaweka mambo yake katika diski, ambayo ni polepole mno. Alitoa kumbukumbu katika mbili akaziingiza katika ya tatu, na ile ya tatu ikaamka. Muda wote haukufika robo saa. Ofisi hiyo ilikuwa imekwisha kuandika barua ya kuomba fedha za kununua kompyuta mpya 11.

Kwa hivyo sisi twapendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila idara na kila skuli iandike daftari la kompyuta zake: ina kumbukumbu kiasi gani, na ya aina gani. Aina zenyewe, DDR3, DDR4 na DDR5, haziingiliani. Pengo la kila moja limekatwa pahala tofauti, na ya mashine hii haiingii katika ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pasipo daftari, kumbukumbu nzima itatupwa pamoja na mashine mbovu, huku ofisi ya pili inanunua aina ile ile kwa bei ya juu.

Pili, kabla ya kununua mpya, tutengeneze. Mafundi wapo mitaani na wengine wamesomeshwa katika vyuo vyetu wenyewe. Kazi ya kuongeza kumbukumbu haitaki kiwanda. Yataka bisibisi, mkono makini na uaminifu.

Tatu, tunaponunua, tununue kwa pamoja na kwa wakati, wala si kila ofisi peke yake mwishoni mwa mwaka wa fedha. Masharti ya zabuni yaseme kuwa kumbukumbu ya kompyuta iwe ya kuchomeka na iweze kuongezwa baadaye, isiwe imelehemiwa juu ya ubao. Kompyuta ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa ni nyumba isiyoweza kuongezwa chumba hata familia ikikua. Nayo kamati ya zabuni imkatae muuzaji asiyeweza kujibu maswali matatu: kumbukumbu kiasi gani, ya aina gani, na kasi gani.

Nne, vyuo vyetu viwafundishe vijana jambo hili kwa kina, kuanzia ile ndoo inayovuja ya Dennard hadi majengo ya ghorofa 12. Hatuwaahidi wananchi kuwa kesho tutajenga kiwanda cha chipu. Atakayewaahidi hivyo anawacheza shere. Lakini kijana anayejua kupima kumbukumbu ya programu kabla ya kuiagizia mashine ataiokolea Serikali fedha tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Na Korea ya mwaka 1983 ilianza kwa kuomba ufundi na kujifunza, ikakaa katika kazi hata miaka ya hasara.

Tunajua kuwa wapo watendaji watakaosema daftari ni kazi ya ziada na fundi ni usumbufu, na kuwa barua ya kuomba mpya ni nyepesi zaidi. Kwa miaka mingi barua hiyo ilikuwa nyepesi kwa sababu kumbukumbu ilikuwa rahisi. Zama hizo zimepita kwa sasa, na hakuna aliye hapa Visiwani mwenye uwezo wa kuzirudisha. Mwalimu mkuu aliyetengewa fedha za kompyuta 20 huenda akaambiwa dukani kuwa zinatosha kompyuta 14, na wanafunzi watakaokosa nafasi hawatajua kuwa zilizochukua nafasi yao ni mashine zilizoko ng'ambo ya bahari. Yeye hataweza kuwaeleza ikiwa sisi wakubwa wake hatukutaka kuelewa.

Ghala zetu zina funguo, na funguo zina wenyewe. Twaomba zifunguliwe wiki hii, yaliyomo yahesabiwe na kuandikwa, kabla ya barua nyengine ya kuomba mpya haijatiwa saini.